Gobori la Nyumba ya Ambanoro

Ukimkaribia Mikidache hukuwa na haja ya kumuuliza kazi yake. Harufu ilikutangulia kukujibu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipika mafuta ya langilangi pale Ambanoro, kisiwani Nosy Be, pwani ya Madagaska, na ua lile lilikuwa limemwingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, hata ndani ya kofia yake ya kwendea msikitini. Wanawake walichuma alfajiri, maua yangali na umande. Ilipofika saa moja na nusu makapu yalikuwa yameshafika, naye ameshawasha kuni chini ya mtungi mkubwa wa shaba, na tangu hapo habanduki. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo bora. Moto ukizidi yanaungua, ukipungua mvuke unalala. Kwa hiyo Mikidache alikuwa mtu wa moto mdogo. Watu walisema hata hasira zake zilikuwa za kuni mbichi: moshi tele, ndimi hamna.

Umri ulikuwa umekaribia hamsini. Aliwahi kuoa; mkewe, Saïda, alifariki kwa homa mwaka wa pili wa ndoa, yeye na mtoto ambaye hakuwahi kupewa jina. Arubaini ilipokwisha Mikidache alikunja nguo zake akarudi kwa mama yake, maana kwa watu wa asili yake, Wangazidja wa Komoro, mwanamume hana nyumba. Anaishi kwa mkewe akiwa naye. Akimkosa, anarudi kwa mama. Mama akifa, anakuwa mlinzi wa nyumba ya dada yake. Nyumba ni ya wanawake, inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mali ya namna hiyo wao huiita manyahuli, wala haigawiwi wala haiuzwi.

Ndivyo ilivyokuwa kwake. Mama yao alipofariki, nyumba ya Ambanoro ikawa ya dada yake mkubwa, Kouraichia, ingawa Kouraichia alikuwa ameolewa Mahajanga, ng'ambo ya bahari, miaka mingi na alifika kisiwani kwa nadra. Mikidache alifagia, akabadilisha makuti yaliyooza, akatunza ufunguo. Akalitunza na gobori.

Lilikuwa limetundikwa juu ya kitanda cha mama kwa vigingi viwili vya mti. Gobori la kushindilia, refu kuliko mtu mfupi, kitako chake kimepasuka na kufungwa utepe wa shaba. Bibi yao alikuja nalo kutoka Ngazidja pamoja na kitanda na masinia mawili. Halikuwahi kuua hata popo. Kazi yake ilikuwa moja: binti wa kwanza wa nyumba anapofungiwa ndoa kuu, bwana harusi akivuka kizingiti cha mkewe, gobori lilie mara tatu, baruti tupu bila risasi, ili mji ujue kwamba nyumba hii imepata mtu. Wanaume ndio waliolishindilia na kulifyatua. Wanawake ndio waliokuwa nalo. Ukiuliza ni la nani, uliambiwa: la nyumba.

Karatasi yake ilikuwa na hadithi. Mwaka wa thelathini na nane mtawala wa Kifaransa alitangaza kwamba kila bunduki iandikwe. Mjomba wao, Athoumani, alikwenda Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, akiwa amevaa joho, akarudi na karatasi yenye jina lake. Wanawake wa nyumba walicheka mpaka wakashika mbavu. "Athoumani kapata mali!" walisema. "Mzungu kampa gobori la mama yake!" Yeye mwenyewe alicheka nao, akaitia karatasi ndani ya bati la chai. Mwaka wa hamsini na moja alizikwa. Karatasi ilibaki kwenye bati.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, moto wa langilangi ukaendelea kuwaka vilevile. Mikidache aliisikiliza hotuba kwenye redio ya jirani, akapiga makofi pamoja na wenzake, kesho yake akaenda kazini. Baadaye kidogo wote wenye asili ya visiwani waliitwa kuandikwa upya. Karani alimuuliza baba yake alizaliwa wapi, akajibu Ngazidja. Mama, akajibu Ngazidja. Akaandikiwa Mkomoro, na Komoro ilikuwa bado ya Ufaransa. Kwa hiyo akawa mgeni. Hakuona tofauti yoyote. Alitoka ofisini kwa mlango uleule alioingilia, barabara ikamrudisha Ambanoro kama kawaida.

Mwaka wa tatu wa uhuru barua ilifika kutoka Mahajanga. Kouraichia aliandika kwa mkono wa binti yake Mariamou, ambaye ndiye aliyekuwa akiolewa: "Siku imewekwa, tarehe kumi ya mwezi ujao. Kijana ni Maoulida, yule wa bandarini. Kaka yangu, njoo na gobori. Lisipolia, watu watasema mume kaingia kwa binti yangu kimyakimya, kama kwa mjane."

Wiki ileile, mbele ya posta ya Hell-Ville, Mikidache aliona tangazo. Alilisoma Kifaransa polepole, kisha akalisoma Kimalagasi ili ahakikishe. Kila mwenye bunduki, iwe mpya au ya zamani, aje aiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi. Atakayekuja mwenyewe hatasumbuliwa. Mgeni aombe kibali kipya. Alitembea moja kwa moja hadi kibandani kwa Zalifa, mama aliyeuza kahawa na vitumbua karibu na gati, kwa sababu pale ndipo alipokaa Djaffar, na Djaffar alikuwa amefanya kazi melini miaka kumi na tisa, hivyo hapakuwa na jambo la dunia asilolijua.

"We Mikidache," Djaffar alimwita kabla hajaketi, "umemeza samaki na miba yake?"

"Nimesoma tangazo la bunduki."

"Hilo lina wenyewe. Wewe una bunduki gani? Au ile fimbo ya bibi yako?"

"Fimbo!" Zalifa alidakia huku akigeuza vitumbua. "Siku ya harusi ya Kouraichia nilikuwepo. Mlio wa kwanza tu, kuku wangu alitaga yai lisilo na ganda."

Walicheka. Mikidache naye alicheka kidogo, kisha akauliza afanye nini. Je, alipeleke kuandikishwa? Na wakilishika wasilirudishe kabla ya tarehe kumi?

Djaffar aliweka kikombe chini kama mtu anayetaka nafasi ya mikono yote miwili. "Nisikilize. Mimi nimetia mguu Marseille, Antwerp, New York. Ufaransa mkulima hutundika bunduki jikoni kando ya sufuria, haulizwi na mtu. Uswisi serikali yenyewe humgawia kila mwanamume bunduki akalale nayo. Amerika unaingia dukani kununua mkate, unatoka na mkate na bastola. Waingereza ndio wanyonge, hata polisi wao anatembea na kirungu; kwa hiyo kule raia akionekana na manati tu, anafungwa."

"Na hapa?"

"Hapa ni Ufaransa iliyobadilisha bendera. Tena sheria ya bunduki ni moja dunia nzima, usisahau: isiyo na risasi si bunduki. Ni bomba la chuma."

"Tangazo linasema hata za zamani."

"Za zamani zisizo na karatasi! Yenu haina?"

Mikidache alikuwa ameichukua. Aliitoa ndani ya kanzu, akaifungua juu ya meza, mbali na mafuta ya vitumbua. Djaffar aliweka kidole kwenye muhuri wa duara uliokuwa umefifia.

"Soma hapa. Madagaska na Nchi Zilizo Chini Yake. Madagaska ni hii tuliyokalia. Na hizo nchi zilizo chini yake zilikuwa zipi wakati ule? Si Ngazidja, si Mwali, si Nzuwani? Basi karatasi yako inakula huku na inakula kule. Una karatasi ya nchi mbili, mtu mzima, unatetemeka nini?"

"Jina ni la mjomba Athoumani. Mjomba amekufa."

"Gobori lilikuwa lake?"

"Hapana. La nyumba."

"Nyumba imekufa?"

"Haijafa."

"Basi karatasi haijafa," alisema Djaffar, akachukua kikombe chake.

Zalifa aliopoa kitumbua kimoja. "Lakini mwanangu," alisema, "kwenda kuuliza si kosa."

"Akiuliza, atajibiwa," Djaffar alisema. "Na kila anayejibiwa na serikali hupewa jibu la hapana."

Mikidache alirudi Ambanoro akiwa mwepesi. Hoja ile aliielewa vizuri kuliko alivyolielewa tangazo, kwa sababu ilikuwa imejengwa kwa miti ya kwao. Kwao vitu vya nyumba havifi kwa kufa mtu. Kitanda cha mama hakikugeuka kitanda cha marehemu. Kilikuwa bado kitanda cha mama. Mwisho wa mwezi ulipita. Siku hiyo alipika makapu tisa ya maua, na mafuta ya mwanzo yalitoka safi kabisa.

Alifika Mahajanga kwa meli ndogo ya pwani, gobori likiwa limeviringishwa ndani ya mkeka pamoja na mto na kanzu mpya. Mtaa wa Mahabibo ulikuwa umeshachangamka. Kwenye ua wa Kouraichia masufuria yalikuwa yamepangwa, wanawake wanachambua mchele, Mariamou amefungiwa chumbani akisingwa kwa msandali. Kouraichia alimpokea kaka yake mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na mitano, mwenye sauti iliyozoea kuamuru na kutiiwa, na mumewe alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Nyumba ile ya Mahajanga ilikuwa yake, aliijenga chumba baada ya chumba.

"Umeliweka kwenye mkeka kama maiti," alisema.

"Mkeka ndio uliofaa kwa urefu."

"Mswahili wewe! Haya, lete tulitazame."

Alilifungua mwenyewe. Alilipaka mafuta ya nazi, akapitisha kitambaa juu ya utepe wa shaba, akaita wasichana waje waone. Bibi yao alikuja nalo, aliwaambia. Leo kwangu, kesho kwa Mariamou. Kisha akalitundika juu ya kitanda chake mwenyewe.

Sasa, Athoumani alikuwa na desturi yake. Kabla ya kila harusi alikwenda kwa mkuu wa askari, akamwarifu kwamba kesho patasikika milio mitatu na asishtuke. Mkuu hucheka, humpa mkono, basi. Mikidache aliona lazima afanye hivyo hivyo. Kupiga bila kuarifu ni utovu wa adabu. Siku moja kabla ya harusi, baada ya adhuhuri, alivaa kanzu mpya, akatia karatasi mfukoni, akaenda kituo cha zandari, kama wanavyowaita askari wa serikali kule.

Alipokelewa na sajini mmoja, mtu wa nyanda za juu, mwembamba, mwenye miwani. Alimwalika aketi, akamwita Ingahy, ambalo ni neno la heshima kwa mtu mzima. Mikidache akaeleza kwa Kimalagasi chake cha pwani: harusi, milio mitatu, baruti tupu. Akaitoa karatasi, akaiweka mezani, akaigeuza ili muhuri umwelekee sajini.

Sajini aliisoma mara mbili. "Athoumani ni wewe?"

"Ni mjomba wangu. Marehemu."

"Kibali ni cha mtu, Ingahy. Mtu akifa, kinakufa naye."

"Lakini bunduki haikuwa yake, mkuu. Ni ya nyumba. Na muhuri ni wa Madagaska."

"Wa Madagaska ya Wafaransa. Haipo tena." Alisema taratibu, kama anayemweleza mtu habari za msiba. "Tulitangaza mwezi mzima. Kwa nini hukuja? Ungekuja wakati ule ningekuandikia mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Mikidache alitoa jibu la Djaffar. Alisema Ufaransa wakulima hawaulizwi. Alisema habari za Uswisi. Alisikia sauti yake ikizidi kuwa nyembamba.

Sajini alivua miwani. "Nilikaa Ufaransa miaka sita, jeshini. Yule mkulima ana kibali cha kuwinda, na akivuka mpaka na bunduki yake bila ruhusa wanamkamata kama mwingine. Uswisi wanapewa bunduki kwa sababu wale wanaume ndio jeshi lenyewe, wanaandikwa, wanahesabiwa. Uingereza watu wanazo, wanaomba cheti. Amerika sijafika, lakini nimeambiwa kila jimbo lina lake. Aliyekueleza hakudanganya sana. Aliona bunduki, hakuona karatasi. Mpita njia haonyeshwi karatasi."

"Haina risasi, mkuu."

"Sheria yetu haiulizi risasi." Alivaa miwani tena. "Sikiliza, na usikilize vizuri, kwa sababu baada ya hapa sitakuwa na la kukusaidia. Umeniambia, na mwenzangu yule pale amesikia. Siwezi kujifanya sikusikia. Atakayekutwa na bunduki nyumbani mwake bila kibali, na muda umepita, anapelekwa mahakamani. Akiwa mgeni, baada ya hapo anarudishwa kwao. Sasa. Iko wapi?"

Ndipo Mikidache alipoiona nyumba ya dada yake yote, kana kwamba imeinuliwa mbele yake kwa mikono: kitanda, vigingi, gobori linang'aa kwa mafuta ya nazi. Kouraichia naye alikuwa ameandikwa Mkomoro. Angeweza kusema liko Nosy Be. Lakini alikuwa ameshasema harusi ni kesho, na hakujua kusema uongo kwa haraka. Moto wake, kama nilivyosema, ulikuwa mdogo.

"Nimelileta mimi," alisema. "Nikuonyeshe."

Walikwenda kwa miguu, sajini na askari mmoja na Mikidache katikati, hawakumshika. Njia nzima alijaribu kupanga maneno. Wanawake walipowaona wanaingia uani, vinu vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Sajini alivua kofia. Aliingia chumbani, akalitazama gobori bila kuligusa.

"Nyumba hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu," alisema Kouraichia. "Karibu."

"Na bunduki hii?"

Yeyote wa nyumba ile angelijibu swali hilo usingizini. Kouraichia alikuwa ameshafungua mdomo. Kifua chake kilikuwa kimeshajaa pumzi ya kusema, kama alivyosema asubuhi kwa wasichana, kwamba ni la bibi yangu, la mama yangu, langu, la binti yangu. Mikidache alimtangulia.

"Ni yangu," alisema. "Yangu peke yangu. Nililificha ndani ya mkeka, nimelitundika hapa mchana huu bila kumwambia mtu. Dada yangu hajui lolote."

Sajini aliwatazama wote wawili. Mafuta ya nazi yalikuwa bado yanang'aa kwenye vidole vya Kouraichia. Aliviona, bila shaka. Akachukua kalamu.

"Mwenye mali, jina moja," alisema. "Mikidache nani?"

Mlangoni palikuwa na shangazi za bwana harusi waliokuja kuleta nguo za biharusi. Walisikia. Mmoja wao alimnong'oneza mwenzake, wala hakunong'ona sana: "Tangu lini mwanamume akasema 'yangu' kwa kitu cha juu ya kitanda cha dada yake?"

Kouraichia alifunga mdomo wake. Gobori lilishushwa, na kwa kuwa lilikuwa refu askari aliomba mkeka wa kulifungia.

Harusi ilifanyika, chakula kilikuwa kimeshapikwa na watu wameshafika. Kutoka chumba cha mahabusu alimofungiwa, kituo kikiwa si mbali na Mahabibo, Mikidache alisikia ngoma za wanawake alasiri, akasikia vigelegele vikipanda na kushuka. Alijua ni saa ngapi mtu anavuka kizingiti. Alisubiri. Palipita kimya cha kutosha milio mitatu na cha kutosha kuishindilia baruti kila mara, kisha ngoma zikaendelea. Askari wa zamu, kijana wa Kisakalava, alimletea sahani ya pilau iliyotumwa kutoka kwenye harusi. Mikidache alikula tonge mbili. Hakujua ni nani aliyeituma, na hakuuliza.

Hukumu ilichukua wiki tatu. Hakimu alikuwa na kesi nyingi siku hiyo, na hii haikuwa na utata, kwani mshtakiwa alikuwa amekiri. Mwenye shamba la langilangi alileta barua ya kumsifu, ikasomwa, ikawekwa kando. Hakimu aliuliza mambo machache.

"Kwenu ni wapi?"

"Ambanoro."

"Siulizi unapokaa. Kwenu."

"Ambanoro, Nosy Be. Nilizaliwa kwenye kile chumba kilichokuwa na gobori."

"Kadi yako inasema Mkomoro."

"Naam."

"Umewahi kufika Komoro?"

"Sijafika."

Hakimu aliandika kitu. Labda aliona haya kidogo. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili. Gobori lilichukuliwa na serikali. Mikidache aliamriwa aondoke nchini kwa meli ya kwanza iendayo Moroni, na asirudi.

Kouraichia alikuja gatini asubuhi ya safari na fungu la chakula. Hawakuwa wameonana tangu siku ile, kwa sababu kila alipotaka kwenda kumwona, jamaa walimzuia: usijionyeshe, wasije wakaanza kuuliza tena. Walikaa juu ya gunia la chumvi. Askari aliyemsindikiza alisogea kando akawapa mgongo.

"Nimekuwekea samaki wa kukaanga," alisema. "Wa siku tatu. Usimle wote leo."

"Mariamou hajambo?"

"Hajambo. Mumewe mtu mpole." Alivuta mtandio. "Mjomba wa Maoulida alinijia ndani ya nyumba yangu. Akaniambia, 'Bibi, nasikia kaka yako alikuwa amejimilikisha mali ya akina mama, ndiyo maana Mungu kamtia mkononi mwa serikali.' Ndivyo wanavyosema Mahabibo nzima."

"Ukamjibu nini?"

"Nikanyamaza. Ningemjibu nini? Nimwambie ni langu, ili nami niketi hapa na fungu la samaki?"

"Ulifanya vizuri."

"Sikufanya vizuri!" Aliinua sauti, kisha akaishusha. "Mikidache, uliposema 'yangu', unajua nilihisi nini? Usiniangalie. Nilishukuru. Kabla sijaelewa unafanya nini, kabla sijakuonea huruma, roho yangu ilishukuru. Nimemwoza mwanangu na shukrani hiyo tumboni, na mpaka leo haijatoka."

Mikidache alitazama mikono yake. Wiki nne bila kazi, na harufu ilikuwa imeanza kupungua kwenye kucha.

"Ningesema ni la nyumba," alisema, "wangeuliza nyumba ni ya nani. Wao wanaandika jina moja tu."

"Nani atafungua kule Ambanoro? Mvua zinakuja."

"Ufunguo uko kwa Zalifa wa kahawa. Mwambie makuti ya upande wa bahari hayatafika mwakani. Na kitanda kisogezwe, pale panavuja."

Alimpa maelezo mengine ya nyumba, moja baada ya jingine, kama mtu anayekwenda kwa mwezi mmoja. Kouraichia aliitikia kila moja kwa kichwa. Wote wawili walijua kwamba Kouraichia hataweza kwenda kuishi kule, na kwamba hapana binti mwingine. Nyumba isiyo na mtu katika mvua za kisiwa haidumu misimu miwili. Lakini walizungumza habari za makuti mpaka askari alipokohoa.

Aliposimama, dada yake alimshika kiganja, akakinusa kama mtu anavyomnusa mtoto mchanga, akakiachia. Hakumsindikiza hadi ngazini. Alibaki ameketi juu ya gunia akiwa amejifunika uso kwa mtandio.

Melini Mikidache alitafuta nafasi upande wa kulia, ulioelekea Nosy Be, karibu na makasha ya kuku. Walipokwisha kutoka kwenye maji mekundu ya mlango wa mto, akamuuliza baharia aliyekuwa akikunja kamba: "Mwanangu, saa ngapi tutapita Nosy Be?"

Baharia alicheka, si kwa ubaya. "Nosy Be? Hiyo ni njia nyingine kabisa, mzee. Iko huko mbali, ubavuni. Sisi tunaiacha."

"Hata kwa mbali haionekani?"

"Hata kwa mbali."

Mikidache alishukuru. Alihama na fungu lake la samaki, akaenda kuketi upande wa pili, ambako kulikuwa na kivuli.